Dole Gumba Langu na Bucha la Mlimani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa aproni nyeupe, kofia ya karatasi na ufunguo wa friza. Aliyenipa alikuwa mpishi mkuu, Papa Kasongo, mtu wa Lubumbashi mwenye tumbo la heshima na tai ambayo hakuivua hata mbele ya sufuria inayochemka. Nilifunga aproni vizuri, nikamuuliza visu viko wapi.

"Visu vya kufanya nini, maman? Huku hatupikaka. Tunayeyusha tu."

Nilidhani ananitania, kumbe alisema kweli. Jiko lile lilikuwa Auderghem, karibu na msitu, na shirika letu lilikuwa likiwapeleka watoto wa shule za Brussels safari za masomo. Wakati wa joto walikwenda Ardennes, na wakati wa baridi walikwenda milima ya Alpi upande wa Ufaransa kwa kile kinachoitwa darasa la theluji. Darasa zima la watoto wa miaka kumi au kumi na mmoja linapanda basi na mwalimu wao, linakaa siku kumi katika kijiji cha ski, yaani mchezo wa kuteleza juu ya theluji, asubuhi hesabu, mchana kuteleza na kuanguka. Chakula chao kilitoka kiwandani kimeganda. Sisi tulikipakia kwenye lori, lori likapanda mlima, na kule juu kikayeyushwa na kupashwa moto. Vinofu vya nyama ya kusaga vilikuwa na ladha ile ile Januari na Machi, yaani ladha ya boksi.

Mimi ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura. Mama yangu alikuwa mpishi wa harusi, na mwiko nimeushika kabla ya kalamu. Nilikuja Ubelgiji na watoto watatu, tukapata nyumba Schaerbeek, ghorofa ya tatu, madirisha yanayotazama reli ya tramu. Kazi ya kuyeyusha niliishukuru kwa sababu ilikuwa kazi. Lakini sitawadanganya, wanangu, nilikuwa na hasira nayo. Mtu aliyezoea kupikia watu mia tatu kwa kuni, leo anabonyeza kitufe na kusubiri kengele!

Hata hivyo, msidharau friza, maana ndiyo iliyonisomesha. Kwayo nilijifunza mnyororo wa baridi, yaani nyama ikitoka machinjioni ikiwa baridi, lazima ibaki baridi njia nzima mpaka kwenye sufuria, na mnyororo ukikatika, nyama ni ya kutupa hata kama inang'aa. Nilijifunza pia sahani ya ushahidi. Kila mlo tunaowapa watoto tunauchukulia kipande kidogo, tunakiweka kwenye kikopo chenye tarehe, kinakaa kwenye friji siku kadhaa, ili mtoto akiumwa tumbo wakaguzi wajue pa kutazama. Papa Kasongo ndiye aliyenifundisha hayo yote. Kipimajoto alikiweka mfukoni mwa shati pale ambapo wanaume wengine huweka kalamu.

Sasa niwaambie jambo la nyumbani, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini baadaye niligombana na mlima mzima. Mwanangu wa kwanza, Issa, alipofika miaka kumi na mmoja, shule yake ya pale Schaerbeek iliandaa darasa la theluji. Wakati huo mimi nilikuwa bado sijapata kazi, na waliowapeleka walikuwa watu wengine. Karatasi ikaja nyumbani, mahali pa saini pakiwa wazi. Nikauliza watoto watakula nini. Wakaniambia nyama yao haikuchinjwa kwa utaratibu wetu, siku nyingine ni nguruwe, lakini Issa atapewa mayai. Siku kumi za mayai! Nikasema mwanangu si kuku. Sikutia saini.

Wenzake waliotiwa saini wakaenda. Issa akawekwa darasa la watoto wadogo, kwenye viti vifupi, magoti yakigusa kidevu, siku zote kumi. Waliporudi walikuwa weusi usoni kwa jua la theluji na weupe kuzunguka macho pale walipovaa miwani, wakawa wanajuana kwa alama hiyo uwanjani. Issa hakuwa nayo. Hakunilaumu hata neno moja, na mpaka leo nasema ningefurahi kama angenilaumu.

Niliyeyusha miaka saba. Kisha akaja Mkurugenzi mpya, mwanamke mrefu Mflamandi, mwenye maneno machache. Siku ya kwanza alikaa nasi mezani, akakata kinofu kimoja cha nyama, akakitafuna muda mrefu, akaweka uma chini.

"Kuanzia msimu ujao hatununui chakula cha kuganda," akasema. "Tutanunua kule kule mlimani, nyama, mboga, maziwa na mayai. Lori la friza litauzwa. Nataka mtu wa kutangulia kabla ya basi la kwanza, awashe jiko, ajue maduka mazuri na afanye mapatano nayo."

Papa Kasongo akatazama dari. Mimi nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Ndivyo nilivyopata cheo changu cha mtangulizi, kazi ambayo katika shirika letu haikuwa na mtu kabla yangu, na kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kunionyesha makosa. Niliyafanya yote mwenyewe.

La kwanza lilikuwa kosa la mtu wa Brussels. Sisi wa huku tumezoea kwamba siku ya soko ni Jumapili. Jumapili asubuhi nenda kwenye soko la machinjioni Anderlecht uone, watu, vikapu, kuku, ndizi, kelele. Basi nami nikapanga kufika kijijini Jumapili saa nane mchana, nizunguke, ninunue, Jumatatu nipike. Nikashuka kwenye basi na vikapu vyangu vitatu. Bucha lilikuwa limefungwa. Duka la mboga limefungwa, la mikate limefungwa. Nikasema si kitu, kesho. Kesho yake nikajua kwamba mwenye bucha wa Kifaransa aliyefungua Jumapili asubuhi hupumzika Jumatatu kutwa. Basi la watoto likafika, nikawapa tambi na jibini niliyoazima kwa jirani. Nilipompigia simu Papa Kasongo alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza nilichofanya kila nilipopelekwa ni kuandika kwenye daftari siku ya mapumziko ya kila duka, kabla hata ya kutazama bei.

Kosa la pili lilikuwa la mtu wa Buyenzi, na hilo lilinigharimu zaidi.

Bucha lilikuwa moja tu kijijini. Mwenyewe alikuwa mzee mfupi, mikono mikubwa, aproni ya mistari, na kila mtu alimwita Patron, yaani bosi. Duka lake lilikuwa safi, unaweza kula sakafuni. Juu ya kioo, karibu kabisa na mkono wangu, alikuwa amepanga kwenye sinia vipande vya bega la ng'ombe. Sasa, kwetu nyama hainunuliwi kwa macho. Macho hudanganywa na taa. Unaibonyeza kwa dole gumba. Nyama ya leo inarudi juu papo hapo, nyama iliyokaa inabaki na shimo, na nyama ya ng'ombe mzee inakukatalia kama ukuta. Mama yangu alinifundisha hivyo, na mama yake alimfundisha hivyo. Sikufikiri. Nikabonyeza.

"Madame!"

Alipiga ukelele mpaka mbwa wa mteja mmoja akasimama. Akachukua kile kipande mbele ya watu wote, akakitupa kwenye pipa, akanionyesha mlango. Nikatoka, masikio yakiniwaka moto. Kesho yake nilipopita barabarani niliona kipande cha boksi kimebandikwa kwenye kioo, kimeandikwa kwa mkono, herufi kubwa nyekundu: USIGUSE NYAMA. Kijiji kizima kilijua barua ile ni ya nani.

Msimu ule wote nyama ilinunuliwa na Papa Kasongo, aliyepanda kuja kupika nami.

"Uniachie mimi, maman," aliniambia, akiishika tai yake. "Bon, mi niko na cravate. Muntu wa cravate habafukuzake."

Na kweli hawakumfukuza. Mimi nilipita upande wa pili wa barabara nikijifanya natazama milima. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliona uchungu, maana nyama ya Patron ilikuwa nzuri sana, na ninayeijua nyama ndiye niliyekatazwa mlango.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba ukikaribia, ikaletwa mezani kwetu shule ya Schaerbeek. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe Auderghem na orodha mkononi. Madarasa mawili, watoto arobaini na wanne, karibu wote wa nyumba za Kiislamu, Waturuki, Wamoroko na baadhi ya watu wetu. Wazazi waliokwisha kutia saini walikuwa kumi na mmoja. Bila watoto thelathini basi haliondoki, na hao kumi na mmoja nao wanabaki.

"Wanauliza swali moja tu," mwalimu mkuu akasema. "Watakula nini."

Nilijua swali hilo. Niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, katika shule hiyo hiyo, maana ilikuwa shule ya Issa.

Papa Kasongo akasema tuwape samaki. Kisha akajijibu mwenyewe. "Apana. Samaki siku kumi, batoto batasema ile haiko chakula, ile ni punition, azabu."

Mkurugenzi akanigeukia. "Madame Zuhura, wazazi wanakutana Alhamisi jioni. Nikiwa na jina la bucha, hati ya machinjio na gari la baridi la kuileta nyama mpaka mlangoni petu, nitasimama mbele yao. Nisipokuwa navyo, sitasimama kuwadanganya."

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu adhuhuri nilikuwa kijijini, theluji imefika vifundoni, mahoteli ndiyo kwanza yanafunguliwa. Ninyi leo mna simu zinazowaonyesha maduka na nyota zake. Mimi pia nilikuwa nayo. Ilinionyesha duka la jibini lenye nyota tano na mkahawa wenye nyota nne na nusu. Nyota hizo, wanangu, zinatolewa na mtu aliyekula mara moja akaenda zake. Nikaingia ofisi ya watalii. Binti mmoja mpole akanisikiliza mpaka mwisho, akanipa karatasi ya rangi yenye picha ya sufuria ya jibini, akasema nyama ya namna ninayoitaka haipatikani bonde zima. Hakuwa mwongo, masikini. Hakuwahi kuihitaji.

Nikaenda kukaa kituo cha basi. Saa tisa mchana wapishi wasaidizi, waosha vyombo na watandika vitanda wa mahoteli wanashuka kwenda kwao bondeni, maana kijijini juu kodi ni ya watalii. Nilichofanya ni kutazama mifuko. Mfuko wa mfanyakazi hauna siri. Ukiona mkate mrefu, umetoka dukani hapo jirani. Nilitazama mifuko kumi, kumi na miwili, kisha nikauona mmoja wa plastiki wa bluu, na kwenye mdomo wake giligilani mbichi ikichungulia, ya kijani, yenye mizizi. Kijijini kule hakuna aliyeuza giligilani. Na penye giligilani, nyama ya kwetu haiwi mbali.

Mwenye mfuko alikuwa mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, viganja vimekunjamana kwa maji. Nikamsalimu kwa Assalamu aleikum na habari za kazi, Kiswahili kikanitoka chenyewe.

"Waaleikum salamu, dada," akajibu, tena kwa Kiswahili. Alikuwa Mngazija, aitwaye Bi Mariama, na aliwahi kukaa Zanzibar kwa shangazi yake.

"Samahani, dada yangu. Hiyo giligilani umeipata wapi?"

Akacheka. "Watu huniuliza saa, wewe waniuliza giligilani! Nimenunua asubuhi kwa Haji, kule chini. Mchana nawapikia wenzangu wa jikoni, hii imebaki. Panda basi, twende nikupeleke, si mbali na kwangu."

Tukashuka dakika arobaini za kona. Chini kulikuwa na mji wa viwanda ambao watalii huupita usingizini, na nyuma ya kituo cha treni kulikuwa na mtaa wa Waturuki walioletwa na viwanda hivyo miaka mingi iliyopita. Duka la Haji lilikuwa na mboga nje na nyama ndani. Mbele palikuwa na nyanya, biringanya, pilipili, viazi vya udongo mweusi, na nyuma kondoo wawili wametundikwa kwenye chumba cha baridi, mafuta meupe kama karatasi. Haji mwenyewe, mzee wa ndevu fupi, alinikalisha na kuniletea chai kabla ya kuniuliza shida yangu. Niliposogea kwenye kioo niliificha mikono mgongoni.

"Mbona umeificha mikono?" akauliza.

Nikamweleza habari ya Patron na boksi lake. Alicheka mpaka akafuta macho, akanionyesha beseni la kunawia, akatoa bega la kondoo akaliweka kwenye ubao mbele yangu.

"Bonyeza, dada. Bonyeza mpaka uridhike."

Nikabonyeza. Nyama ikarudisha dole langu juu mara moja, laini, safi. Nusura nilie mbele ya wateja. Hati za machinjio alikuwa nazo, zimepangwa kwenye faili, muhuri juu ya muhuri. Nikadhani nimemaliza kazi Jumatatu ile ile.

Kumbe lilibaki gari. Haji alikuwa na gari la baridi, lakini dogo na limezeeka, na barabara ya juu wakati wa theluji inataka magurudumu yafungwe minyororo na injini yenye pumzi. Aliwahi kujaribu, akavutwa na trekta. Nikapiga simu kukodi gari. Yote yalikuwa yamechukuliwa na mahoteli mpaka Machi. Haji akakuna ndevu.

"Gari la baridi linalopanda kule mwaka mzima ni moja," akasema. "Linashuka machinjioni hapa Jumanne na Ijumaa. Ni la yule yule aliyekuandikia boksi."

Usiku nililala vibaya. Jumanne asubuhi nikaenda kwa Patron. Hapa vijana niliowafundisha kazi hunibishia, lakini nitawaambia nilivyofanya. Kwetu mtu haendi kuomba msamaha na kuomba msaada siku moja. Ukifanya hivyo, msamaha wako ni wa uongo, umeutumia kama ngazi. Unaomba radhi leo, unakwenda nyumbani, haja unaileta siku nyingine. Muda sikuwa nao, lakini adabu nilikuwa nayo. Nikasimama kwenye foleni na vidole vyangu ndani ya glavu. Zamu yangu ilipofika nikaagiza mayai thelathini, maana aliuza pia mayai, maziwa na viazi vya shamba la ndugu yake.

"Nimekuja kwa ajili ya dole gumba langu," nikamwambia. "Mwaka jana liliingia mahali ambapo halikualikwa. Nililelewa mahali pasipo na friji, dole ndilo lililokuwa kipimajoto chetu. Lakini duka lilikuwa lako. Niwie radhi."

Patron alipanga mayai, moja moja. "Ni hayo tu, madame?"

"Ni hayo tu."

Nikalipa, nikatoka. Papa Kasongo nilimpigia simu nikiwa bado barabarani.

"Weye maman!" alipiga kelele. "Umemuona, alors hukumuuliza? Alhamisi ni kesho kutwa! Adabu itabeba nyama?"

"Itabeba," nikamjibu, nami mwenyewe sikuwa na hakika.

Jumatano nilirudi mapema, duka likiwa tupu. Safari hii nilieleza haja yangu yote. Nilimwambia watoto arobaini na wanne, nikamwambia nyama ni ya bucha jingine, itafungwa na kupigwa muhuri na Haji mwenyewe, nami naomba ipande kwenye gari lake kila Ijumaa na Jumanne. Uso wake ulikuwa mgumu.

"Nyama ya bucha jingine ndani ya gari langu, kijiji kizima kinatazama."

"Ndiyo."

"Na hao watoto wasipokuja?"

Nikamweleza habari ya Issa. Sikuwa nimekusudia kumweleza, lakini ilitoka. Viti vifupi, magoti kidevuni, siku kumi. Na kwamba aliyemnyima safari ni mimi, kwa sababu swali langu halikupata jibu. Patron alisikiliza akiwa anafuta kisu ambacho tayari kilikuwa kikavu. Kisha akauliza swali la mfanyabiashara, nami nikampenda kwa hilo.

"Na kwangu watanunua nini?"

"Mayai yote, maziwa yote, siagi na viazi vya ndugu yako," nikasema. "Na shule nyingine zote za msimu, nyama ni yako peke yako. Hata bei ya kubeba tutakulipa."

Patron akaingia chumba cha baridi, akatoka na sinia lenye vipande vitatu vya bega, vyote rangi moja. Akaweka beseni la maji ya moto na sabuni mbele yangu.

"Nataka kuona kama dole lako linajua kitu, au ni utundu tu. Kipi kimetundikwa muda mrefu zaidi?"

Mjue kwamba nyama ya ng'ombe mlimani kule hutundikwa wiki kadhaa ili ilainike. Nikavua glavu, nikanawa, nikabonyeza cha kwanza. Kilirudi polepole. Cha pili kilirudi haraka. Cha tatu kilibaki na shimo, lakini shimo lenyewe lilikuwa baridi na kavu pembeni, halikunata.

"Hiki cha tatu," nikasema. "Cha pili ni cha wiki hii. Cha kwanza kiko katikati. Na cha tatu ni cha ng'ombe aliyezaa, si cha dume."

Patron akachukua kalamu ya bluu kwenye sikio lake, akalifuata lile boksi kwenye kioo, na chini ya herufi zake nyekundu akaongeza mstari: ISIPOKUWA MADAME ZUHURA.

"Gari linashuka Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi," akasema. "Mwambie Haji wako sisubiri mtu."

Nilitoka pale nikitembea katikati ya barabara, si upande wa pili. Nilipata ishara ya simu karibu na kanisa, nikatuma kwa Mkurugenzi picha za hati zote nilizopiga kwa Haji. Alhamisi saa moja jioni Papa Kasongo alinipigia akiwa kwenye ukumbi wa shule Schaerbeek, nyuma yake kelele za wazazi.

"Bamesaini bote, maman! Hata ule papa wa masharubu mwenye alikuwa anagomba. Mkurugenzi amebaonyesha papier ya Haji, donc bakanyamaza. Bote!"

Basi lilifika Januari, Jumamosi alasiri. Nilisimama mlangoni nikiwahesabu wakishuka, mmoja mmoja, na mabegi makubwa kuliko migongo yao. Arobaini na wanne. Ndani nilikuwa na pilau ya kondoo wa Haji, viungo nimevisaga mwenyewe, kachumbari ya nyanya zake, na maziwa ya moto ya Patron. Mtoto mmoja wa Kituruki alikula sahani ya tatu, akaniuliza kama kesho tutakula tena "wali wa kahawia". Papa Kasongo alilegeza tai. Katika miaka yote ndiyo siku pekee niliyoiona hivyo.

Jioni Issa alinipigia simu. Wakati huo alikuwa mtu mzima, fundi wa lifti, na habari yote alikuwa ameisikia.

"Mama, wamefika?"

"Wamefika, wamekula."

"Wangapi wamebaki Brussels?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mwanangu."

Kisha akasema usiku mwema, mama, nami nikaenda kuosha masufuria nikiimba, na sauti yangu si ya kuimba.

Baada ya hapo nilitumwa sehemu nyingi. Mkurugenzi aliyemfuata yule Mflamandi alinipeleka vijiji vingine vinne, na wa tatu akanipa wasichana wawili wa kufundisha. Kila kijiji kipya nilianza kwenye kituo cha basi, nikitazama mifuko. Nilipata muuza mboga aliyevuna karoti chini ya theluji, nikapata mwanamke aliyefuga kuku kwenye gereji. Niligombana na wengi na kupatana na wengi zaidi. Lakini kwa Patron nilirudi kila mwaka, na kila mwaka alikuwa ameniwekea kipande kwenye kisinia kidogo, pembeni ya mizani. Wateja wapya waliuliza cha nini, naye akawajibu kwamba hicho ni cha dole la Madame. Mwaka wa tatu Haji alianza kupanda naye garini wenyewe wawili, wakibishana njia nzima juu ya namna ya kukata bega.

Nimestaafu sasa. Miguu inauma kwa ngazi za ghorofa ya tatu, na siku nyingine naamka saa kumi na moja nikitafuta aproni. Watu huniuliza kama sioni uchungu kuiacha kazi. Naona, lakini si sana. Nilianza kwa kuyeyusha, nikamaliza kwa kupika, na waliokula wananisalimia kwenye tramu wakiwa na ndevu. Siku yangu ya mwisho mlimani Patron alilibandua lile boksi kwenye kioo, akalifunga kwa karatasi ya nyama na kamba, akanipa. Alisema atakayekuja baada yangu ataandikiwa lake.

Limetundikwa jikoni kwangu, juu ya jiko. Juzi Issa alikuja na binti yake, Amina, ambaye ametimiza miaka kumi na mmoja. Mtoto alitoa karatasi kwenye begi, imekunjamana, akaiweka mezani mbele ya baba yake. Ilikuwa ya darasa la theluji, shule ile ile. Nilijifanya nakoroga mchuzi. Issa aliinua macho akalitazama boksi la Patron, akaomba kalamu, akatia saini bila kusoma mahali palipoandikwa chakula.